Beringi Iliyozama Ndani ya Chuma: Kisa cha Mashine ya Kusagia Mwani

Kisa hiki kilitokea Unguja, kwenye karakana ndogo ya kuchomea vyuma. Majina ya watu, ya karakana na ya kijiji nimeyaondoa, na mambo machache yasiyohusu ufundi nimeyabadili ili wahusika wasitambulike. Vipimo nimeviacha vilivyo, maana kisa chote kimo ndani ya vipimo. Nakiandika kwa ajili ya vijana wanaojifunza kuchora vipande na kuviunganisha kwenye kompyuta, hasa wale ambao michoro yao inakatwa kweli kwenye chuma, kwa pesa za watu.

## Usuli

Mwani unalimwa kibiashara Zanzibar tangu 1989, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Aina mbili ndizo zilizozoeleka: spinosum, unaoota kwa urahisi na bei yake ndogo, na kotonii, wenye bei nzuri lakini usiostahimili bahari ikipata joto. Mwani mkavu ukiuzwa kwa gunia humpa mkulima kidogo. Ukisagwa ukawa unga wa kutilia kwenye sabuni, hesabu hubadilika. Ndiyo maana kikundi cha akina mama wa pwani ya mashariki kilikuja karakana kuomba mashine yao wenyewe. Walianza kwa kutwanga kwenye kinu, kisha wakawa wanapeleka kwenye mashine ya nafaka ya mtaani, mpaka mwenye mashine alipoona chumvi inavyomlia vyuma vyake akawaambia basi.

Chumvi hiyo ndiyo iliyoamua mengi. Chuma cha kawaida kikikaa na unga wa mwani, kutu haichukui wiki. Sanduku la kusagia likaamuliwa liwe la stenlesi (chuma kisichoshika kutu upesi) ya aina ya 304, pleti ya milimita 3, na chujio liwe la 316. Aina ya 316 ina molibdeni, asilimia 2 hadi 3, nayo ndiyo inayozuia vile vidonda vidogo vya chumvi vinavyotoboa bati jembamba. Bei yake ni kubwa, ndiyo tukaibakiza kwenye chujio tu, ambalo ndilo jembamba kuliko vyote. Fremu ya chini ikawa ya chuma cha pembe cha kawaida, milimita 50 kwa 50 kwa 5, kilichopakwa rangi, kwa kuwa hakigusani na mwani.

Pleti za sanduku zilikatwa kwa leza Dar es Salaam, zikavushwa kwa boti. Jambo hili msomaji alishike. Kipande kikikosewa hapa, hakirudiwi jioni ile ile. Unatuma mchoro upya, unalipa upya, unasubiri zamu, unasubiri boti.

Mashine yenyewe ni ya nyundo. Ndani ya sanduku kuna shafti, juu ya shafti kuna visahani vitatu, na kati ya visahani kuna pini nne zilizobeba nyundo za bati nene zinazoning'inia. Shafti ikizunguka, nyundo hunyooka na ncha zake huchora duara la kipenyo cha milimita 300. Mota ni ya nguvu za farasi 3, mizunguko 1440 kwa dakika, na puli zake zinaongeza mara mbili, kwa hiyo nyundo zinakwenda mizunguko kama 2880. Ncha ya nyundo inapita hewani kwa mita 45 hivi kwa sekunde. Kwa mwendo huo, nafasi iliyobaki kati ya nyundo na chujio, milimita 6, ndiyo inayosaga. Ikizidi, mwani unazunguka tu na kutoka vipande. Ikipungua, nyundo zitakwangua chujio.

Watu wa kisa ni wanne. Mchoraji, kijana aliyejifunza FreeCAD, programu ya kuchorea vipande kwenye kompyuta, kwa bidii yake mwenyewe. Fundi mkuu, mtu mzima, ambaye kabla ya kuchomea vyuma alifanya kazi miaka mingi kwa mafundi wa majahazi. Mwenyekiti wa kikundi, tutamwita Bi Mwenyekiti. Na mimi, niliyeombwa kuikagua michoro kabla ya kukatwa.

## Modeli ilivyojengwa

Kijana alifanya mengi kwa usahihi. Kila kipande alikianzia kwenye skechi, yaani mchoro wake wa msingi, iliyofungwa barabara kwa vipimo, hakuna mstari unaoelea. Vipimo vikuu, kama kipenyo cha shafti, upana wa sanduku, unene wa pleti na nafasi ya chujio, aliviweka kwenye jedwali moja la programu, kila kimoja kwa jina lake, na skechi zote zikawa zinasoma humo. Ukibadilisha unene wa pleti kutoka 3 kwenda 4, sanduku zima lajipanga upya. Nimeona watu waliosomea jambo hili darasani wasiofanya hivyo.

Kwenye asembli, yaani faili linalounganisha vipande vyote kuwa mashine moja, alianzia katikati, na hapo ndipo mbegu ya kisa ilipopandwa. Alianza na sanduku, akaliweka palepale alipotaka. Ndani yake akapitisha shafti, mhimili wake ukafungwa kwenye kitovu cha tundu la sanduku. Beringi akazivisha kwenye shafti. Fremu ikaja mwisho kabisa, ikachorwa kufuata vitu vilivyokwisha kuwepo juu yake. Kwenye skrini hakuna uzito, kila kitu hukaa unapokiweka, kwa hiyo mpangilio huo haukuleta shida yoyote siku ile.

Beringi zilizochaguliwa mwanzo zilikuwa UCP204, zile zenye kiti chake cha chuma cha kalibu na matundu mawili ya bolti. Hizo huchukua shafti ya milimita 20. Kutoka soli ya kiti, yaani uso wake wa chini, hadi kitovu cha shafti ni milimita 33.3. Kijana alipata modeli yake kwenye maktaba ya mtandaoni, akaiingiza, akaweka viungo viwili: mhimili wa beringi uwe mmoja na mhimili wa shafti, na soli ya kiti igusane na uso wa juu wa fremu. Urefu wa fremu ulikuwa umekokotolewa kutokana na 33.3 hiyo, kwa hiyo viungo vyote viwili vilikubaliana. Rangi ya kijani kila mahali.

## Badiliko la shafti

Fundi alipoona shafti ya milimita 20 akatikisa kichwa. Visahani vitatu, nyundo kumi na mbili, na akina mama watakaotia mwani kwa ndoo! Akataka 25. Sababu yake ya pili ilikuwa ya dukani: fimbo ya stenlesi ya 25 na beringi za UCP205 zilikuwepo mjini siku hiyo, za 20 zilikuwa za kuagiza. Ulikuwa ushauri mzuri, na kijana aliukubali palepale.

Kwenye jedwali akaandika 25 badala ya 20. Shafti ikanenepa, tundu la visahani likapanuka, tundu la sanduku likaenda milimita 30. Kisha akaitoa modeli ya UCP204 na kuingiza ya UCP205.

Hapo asembli ikawa nyekundu. Programu ikasema viungo vya beringi vinapingana. Kijana alikwisha zoea kuona wekundu kama huo kwa sababu nyingine. Programu hizi huzipa nyuso za kipande namba, na kipande kikibadilika umbo namba nazo huhama, hata kiungo kilichokuwa kimeshika soli kikajikuta kimeshika ubavu. Toleo la 1.0 la FreeCAD, lililotoka Novemba 2024, limepunguza sana usumbufu huo na limekuja na sehemu yake yenyewe ya asembli, lakini kazi hii ilifanywa kwa toleo la nyuma yake pamoja na nyongeza ya asembli. Kwa hiyo akadhani ni maradhi yale yale. Akafuta kiungo kilicholalamika, kile cha soli kugusana na fremu, na badala yake akaweka kwamba soli iwe sambamba na fremu. Wekundu ukaondoka. Picha ikawa nzuri kama zamani.

Akanitumia michoro. Nikaipitia kwenye karatasi: vipimo vya pleti, matundu, mikunjo. Nikaandika "sawa". Faili la asembli sikulifungua.

## Siku ya kuunganisha

Siku ilichaguliwa kwa kalenda ya bahari. Bamvua likiingia akina mama huwa shambani tangu maji yanapoanza kukauka, na mtu hawapati. Bi Mwenyekiti na wenzake wawili wakaja mjini wakati wa maji mafu, wakiwa wamebeba gunia la mwani wa kujaribia.

Fremu ilikuwa tayari. Sanduku likawekwa, likaning'inia kati ya vyuma viwili vya fremu kwa masikio yake. Mkoba mzima wa visahani, pini na nyundo ukafungwa juu ya meza, ukashushwa kupitia mfuniko. Beringi moja ikafungwa kwenye fremu. Fundi ana desturi ya kutotoboa chuma cha beringi mpaka aishike beringi yenyewe mkononi: huiweka mahali pake, huchora duara kwa chaki, ndipo hutoboa. Kisha shafti ikaingizwa kwenye beringi, ikasukumwa kuelekea sanduku.

Ikagoma. Ncha yake iliufikia ukingo wa juu wa tundu na kusimama. Chini ya shafti ulikuwa unaona mwanga, juu chuma kwa chuma.

Msaidizi wa karakana akachukua grainda. Dakika kumi, alisema, tundu litapanuka na kazi itaendelea. Kijana naye, uso umemshuka mbele ya wageni, alikuwa tayari kukubali.

Fundi akaweka mkono juu ya tundu. "Ngoja, mwanangu. Tundu limekatwa na mashine, halikujikosea lenyewe. Nipe kalipa."

Akapima kutoka soli ya kiti cha beringi hadi ukingo wa chini wa tundu lake: milimita 24. Ongeza nusu ya shafti, 12.5, unapata 36.5. Kisha akapima kutoka juu ya chuma cha fremu hadi kitovu cha tundu la sanduku. Ikaja 33 na ushei. "Shafti yako iko juu kwa milimita tatu na kitu," akasema, akarudisha kalipa mfukoni, akaniita mimi.

## Tulichokiona ndani ya modeli

Tulifungua asembli pale pale, kompyuta ikiwa juu ya pipa. Nilimwomba kijana aikate modeli kwa bapa (uso tambarare wa kukatia) lililosimama, lipite katikati ya beringi, ili tuone ndani yake.

Soli ya beringi ilikuwa imezama ndani ya chuma cha fremu. Milimita 3.2 kamili, tofauti ya 36.5 na 33.3. Chuma cha fremu kina unene wa 5, kwa hiyo soli haikutokeza upande wa pili. Ukitazama kwa juu unaona beringi imekaa vizuri, ukitazama kwa chini unaona chuma kizima. Ni bapa la kukatia peke yake lililoonyesha vitu viwili vigumu vikiwa mahali pamoja, rangi mbili zimepandana kama mguu uliozama topeni.

Kompyuta ilikuwa imeagizwa mambo matatu yasiyoweza kuwa kweli pamoja: shafti ipite katikati ya tundu, beringi iishike shafti, na soli ikae juu ya fremu. Ilikataa, ikasema imekataa, na sisi tukalifuta la tatu. Karakanani lile la tatu halifutiki. Chuma hakizami ndani ya chuma, kwa hiyo soli ilikaa juu ya fremu, shafti ikapanda 3.2. Tundu la milimita 30 kwa shafti ya 25 linaacha 2.5 kila upande, hivyo shafti ikaingia chumani kwa 0.7. Hiyo 0.7 ndiyo iliyotuokoa. Laiti tundu lingekuwa la 32, shafti ingepita, mashine ingefungwa, na hakuna ambaye angejua.

## Uamuzi

Kupanua tundu kulikuwa rahisi kuliko yote. Lakini mkoba wa nyundo ungebaki juu kwa 3.2, na nafasi ya chujio ingekuwa 9.2 mahali pa 6. Mashine ingezunguka vizuri, ingepiga kelele vizuri, na ingetoa mwani uliokatika badala ya unga. Baada ya hapo kila mtu angelaumu mwani, au mota, au akina mama kwa kutokuanika vya kutosha. Zaidi ya hayo, tundu lililotafunwa kwa grainda lingevuja unga wa chumvi moja kwa moja kwenye beringi. Tulikataa.

Kukata pleti mpya ilikuwa wiki kadhaa na gharama ambayo kikundi hakikuwa nayo. Kushusha vyuma vya fremu ilikuwa kukata maungo yaliyokwisha chomewa na kuyachomea tena, na fremu ikipata joto mara ya pili hupinda.

Kijana ndiye aliyeona njia. Kama shafti haiwezi kushuka, sanduku lipande. Mabaki ya pleti ya milimita 3 yalikuwa chini ya meza. Vikakatwa vipande vinne, vikatobolewa, vikaingizwa chini ya masikio ya sanduku, na rangi nzito ikapakwa kati ya stenlesi na chuma cha kawaida ili visiguse uchi kwa uchi. Sanduku likapanda 3. Ile 0.2 iliyobaki tuliiacha: nafasi ya chujio ikawa 6.2, na shafti ikapita kwenye tundu bila kugusa. Kabla ya kukata vile vipande, fundi alimtaka kwanza avichore ndani ya modeli na kuikata tena kwa bapa. Ilichukua robo saa na ilikuwa robo saa ya haki.

## Swali la Bi Mwenyekiti

Miezi miwili kabla, modeli ilipoonyeshwa kwa kikundi mara ya kwanza, Bi Mwenyekiti aliuliza, "Nyundo hizi zikilika, mwanangu, tunazitoa wapi?" Kijana akaubonyeza mfuniko, ukafunguka kwenye skrini, nyundo zikaonekana. "Hapa, Bi." Akaridhika. Na mimi niliyekuwepo nikaridhika.

Sasa mashine ikiwa imesimama mbele yake, akaomba aonyeshwe kwa mikono. Nyundo ni kipande cha bati nene chenye tundu kila ncha, kina pembe nne za kusagia, kwa hiyo kugeuzwa ni jambo la mara kwa mara. Kijana akafungua mfuniko, akatoa kibanio cha pini, akaanza kuivuta pini. Ikatoka kidogo tu, ikagonga ubavu wa sanduku.

Hesabu ilikuwa wazi tangu mwanzo kwa yeyote ambaye angeifanya. Pini ina urefu wa milimita 225. Sanduku kwa ndani lina upana wa 250. Ili pini itoke nje ya visahani inahitaji nafasi ya urefu wake mzima pembeni, na pembeni, pande zote mbili zikijumlishwa, ipo 25 tu. Kuitoa kwa njia nyingine ni kuvua puli, kuvua beringi zote mbili, kuchomoa shafti na kunyanyua mkoba mzima. Kijijini, kwa akina mama wenye spana mbili, nyundo zingeachwa zilike mpaka ziishe.

Kwenye asembli pini iliingia kwa kubonyeza mara mbili: mhimili kwa mhimili, uso kwa uso. Kipande kwenye skrini hupita ndani ya pleti bila kuuliza. Modeli ilikuwa inaonyesha pini ikiwa mahali pake, na haikuwa na habari yoyote ya namna ilivyofika.

Tiba yake inajulikana kwa watengenezaji wa mashine za nyundo: tundu kwenye ubavu wa sanduku, umbali sawa na duara la pini. Pini zetu ziko milimita 80 kutoka kitovu cha shafti. Tundu moja la 16 likatosha kwa pini zote nne, maana unauzungusha mkoba mpaka pini unayoitaka ifike mbele ya tundu, unaivuta nje. Tulilitoboa upande usio na puli. Kifuniko chake kimefungwa kwa bolti mbili, si moja inayobembea, kwa sababu kwa mizunguko 2880 pini iliyolegea ikipata mlango wazi ni risasi. Ilikuwa bahati kwamba sanduku lilikwisha pandishwa. Lau tungetoboa kabla, tundu hilo nalo lingekuwa 3 pembeni ya pini.

Bi Mwenyekiti akachomoa pini mwenyewe, akairudisha, akachomoa ya pili.

## Matokeo

Jaribio la kwanza liliziba chujio, na kosa halikuwa la modeli. Gunia lilikuwa limelala usiku mzima mjini, na mwani mkavu hunywa unyevu wa hewa kama chumvi yenyewe. Mwani wa kusaga lazima ukauke mpaka uvunjike mkononi kwa sauti. Ukaanikwa upya juu ya kichanja tangu asubuhi, na alasiri ukasagika, unga ukatoka laini na chujio likabaki wazi. Beringi hazikupata moto. Mashine ilikwenda kijijini siku mbili baada ya ile iliyopangwa, kabla ya bamvua.

## Uchambuzi

Mtu anaweza kusema kosa ni kubadilisha beringi bila kupima. Ni kweli kwa juu juu. UCP204 na UCP205 ni ndugu, sura moja, na picha ya maktaba haisemi kwamba mmoja ni mrefu kuliko mwenzake. Lakini kijana alikuwa na modeli sahihi ya UCP205, yenye 36.5 yake. Kipimo kilikuwemo ndani ya kompyuta, kikakosa kwa kupitia.

Naliona kosa kwenye mwelekeo wa viungo. Katika mashine hii fremu inasimama chini, beringi inakaa juu ya fremu, shafti inalala ndani ya beringi, na nyundo zinaning'inia kwenye shafti. Sanduku linapaswa kuifuata shafti kwa kuwa ndilo linaloacha nafasi ya kuizungukia. Modeli ilisema kinyume: sanduku limesimama hewani, shafti imeshikwa na tundu la pleti ya milimita 3, beringi imeshikwa na shafti, na fremu imekuja kuomba nafasi. Fundi alilieleza kwa lugha yake tulipokuwa tukisubiri rangi ikauke. Jahazi, alisema, huanzia mkuku. Mkuku ukishalala, kila kinachofuata kinaujua mkuku. Hujaona mtu akaweka ubao hewani kisha akautafutia mkuku wa kuufaa. Tangu siku hiyo nafundisha hivyo: kipande cha kwanza kutiwa na kufungwa kwenye asembli kiwe kile kinachobeba, na kila kiungo kifuate njia ya uzito.

Viungo vikienda njia hiyo, badiliko la beringi lingefanya kazi yenyewe. Beringi ndefu ingekaa juu ya fremu, shafti ingepanda 3.2, na wekundu ungetokea pale penye ugomvi wa kweli, kwenye tundu la sanduku. Hata mtu aliyezoea kufuta wekundu angeliona tundu.

Kuhusu huo wekundu: viungo vinavyopingana na namba za nyuso zilizohama ni mambo mawili tofauti, na ujumbe wake kwenye skrini unafanana mno. Namna ya kuvitenga ni kukifungua kiungo na kutazama kimeshika uso gani. Kikiwa kimeshika uso usio wake, kirekebishe. Kikiwa kimeshika uso ule ule uliokusudia na bado programu inakataa, programu inakuambia vipande vyako havikai. Kijana hakukifungua. Alikuwa na haraka, na wekundu wa uongo aliouona mara nyingi ulimfundisha kutousikiliza wa kweli.

Desturi ya fundi ya kutoboa kwa kufuata beringi halisi ni nzuri, na sitamshauri aiache. Ila hapa ilitunyima dalili. Matundu ya bolti ya UCP204 yanaachana kwa milimita 95, ya UCP205 kwa 105. Laiti fremu ingetobolewa kwa kufuata mchoro, bolti zingekataa mapema, kabla sanduku halijachomewa masikio.

Upande wangu: nilikagua karatasi. Kila pleti kwenye karatasi ilikuwa sahihi peke yake, na hakuna karatasi inayoonyesha soli ikizama ndani ya fremu. Mkaguzi wa asembli anapaswa kuifungua asembli, kuikata kwa bapa mahali popote vitu viwili vinapogusana, na kuiagiza programu itafute ujazo unaoshirikiwa na vipande viwili. FreeCAD hufanya hivyo: chagua beringi na fremu, omba sehemu yao ya pamoja. Jibu likiwa tupu, vipande vinagusana au vimeachana. Hapa lingerudi bamba la unene wa 3.2, umbo la soli kamili. Ni kazi ya dakika moja ambayo sikuifanya.

Na swali la nyundo. Hili linaniuma kuliko la beringi, kwa sababu tuliulizwa. Bi Mwenyekiti hakuuliza kama nyundo zinaonekana, aliuliza zinatokaje, nasi tukamjibu kwa picha. Sasa tunafanya hivi: kila kipande kitakachobadilishwa na mtumiaji tunakifungua kiungo chake kwenye asembli na kukisogeza kuelekea nje milimita kumi kumi, kwa njia ambayo mkono na spana vitapita. Kikipita ndani ya chuma njiani, mchoro haujaisha. Ni kazi ya kuchosha na haina njia ya mkato, lakini pini ya 225 ndani ya sanduku la 250 ingejionyesha kwenye hatua za mwanzo kabisa.

Kilichotusaidia kuliko yote ni lile jedwali la vipimo. Kwa sababu kila kitu kilisoma humo, kijana aliweza kuvichora vile vipande vinne, kulipandisha sanduku na kuona athari yake kwenye nafasi ya chujio papo hapo, akiwa amesimama kando ya pipa. Modeli iliyochorwa kwa namba zilizotawanyika isingetupa ujasiri ule wa kukata chuma mchana huo huo.

## Modeli ya pili

Kikundi cha Pemba kiliiona mashine na kuomba yao. Kijana hakunakili faili. Aliianza asembli upya: fremu kwanza, ikafungwa kwenye bapa la msingi, kisha beringi juu yake, kisha shafti, sanduku likaja mwisho. Urefu wa kitovu cha beringi sasa una jina lake ndani ya jedwali, na tundu la sanduku, masikio yake na tundu la pini vyote vinausoma.

Aliponiita kuikagua, hakunipa karatasi. Alikaa mbele ya kompyuta, akaitoa UCP205 mbele ya macho yangu na kuingiza UCP206, ambayo kitovu chake kiko milimita 42.9, akaandika namba hiyo kwenye jedwali. Shafti ikapanda 6.4. Sanduku likapanda nayo, tundu la pini likafuata. Akaikata kwa bapa lililosimama: soli ilikuwa juu ya fremu. Akaomba sehemu ya pamoja ya beringi na fremu, ikarudi tupu. Kisha akarudisha 205, akahifadhi, akafungua kiungo cha pini na kuanza kuivuta nje, milimita kumi kumi.